Fomu ya Chumba Namba Saba

Kufuli la kabati lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo, na bado mwizi alikuwa ameingia na kutoka.

Katika ofisi ndogo ya mwenye nyumba, Inspekta alipaka unga wa alama za vidole kwenye mlango wa kabati. Akazipata alama tele, zilizopandana; zilizosomeka zote zilikuwa za mtu mmoja.

"Ni zako, mzee," alimwambia mwenye nyumba.

"Kabati ni langu. Ulitaka nilishike kwa meno?"

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Pale, kwenye msumari nyuma ya mlango."

"Wapangaji wanajua?"

"Wapangaji kumi, macho ishirini. Watakosaje kujua?"

Kilichoibwa kilikuwa karatasi moja: fomu ya mpangaji wa chumba namba saba. Mwenye nyumba alikuwa ameigundua hasara hiyo jana mchana, na jioni yake akampa mpangaji huyo notisi ya siku saba.

"Mwizi ni yeye mwenyewe," alisema. "Miaka sita jela kwa kuvunja maduka. Jasiri haachi asili, Inspekta."

Inspekta alifunga kopo lake la unga. Katika miaka thelathini ya kazi alikuwa amejifunza kwamba methali si ushahidi.

Alivuka ua, akipinda shingo chini ya kamba za nguo, akabisha hodi namba saba. Mpangaji alikuwa seremala wa makamo, na wote pale uani walimwita Saba. Alisimama, akaonyesha viganja vyake kabla hajaambiwa neno.

"Shusha mikono, bwana. Sijaja kukukamata."

"Mazoea, afande."

"Umeichukua fomu yako?"

"Niichukue ya nini? Hiyo ndiyo ngao yangu. Niliandika kosa langu, miaka yangu na gereza langu. Mzee akatia sahihi kwamba amejua na amekubali. Hayo ndiyo masharti ya Ofisi ya Makazi, inayowatafutia vyumba wanaotoka jela. Wao walinidhamini kodi ya miezi mitatu ya mwanzo, nami nikasema kweli. Aliyesema kweli hafukuzwi kwa kosa la zamani. Aliyeficha anafukuzwa."

"Nakala je?"

"Wao wana barua ya dhamana tu. Yenye sahihi ya mzee ni ile moja."

Inspekta alitazama kitanda kifupi kilichokuwa katikati ya chumba, bado hakijapigwa vanishi.

"Hicho cha nani?"

"Cha binti yangu. Ana miaka minane, yuko kwa bibi yake. Ijumaa watu wa ustawi wa jamii wanakuja kukagua chumba. Wakinikuta na notisi mkononi, hawanipi mtoto." Saba alipangusa vumbi la mbao kwenye ubavu wa kitanda, ingawa halikuwepo. "Nimekipima kwa kukisia tu. Sijui amerefuka kiasi gani."

Inspekta alirudi ofisini kwa mwenye nyumba kwa hatua za haraka.

"Mzee, fomu ikipotea, anayenufaika ni wewe."

"Mimi? Nijiibie mwenyewe?"

"Ulitia sahihi ukijua kwamba alifungwa?"

Mwenye nyumba alikohoa. "Nasaini mengi. Sikumbuki."

"Na jana, kwa nini ulikuwa unapekua mafaili?"

"Majirani wananisema kwamba nafuga wahalifu. Juzi nikatangaza uani: napitia fomu zote, mwenye doa atahama."

"Nipe hilo jalada la fomu."

Lilikuwa jalada nene. Mwenye nyumba hakuamini klipu wala gundi. Kila karatasi aliishona kwa sindano na uzi mweusi, na mishono yake ilikuwa mirefu, imepinda huku na huku kama meno ya mbuzi mzee. Inspekta alifunua ukurasa baada ya ukurasa. Kati ya fomu ya sita na ya nane akasimama.

Hapo mishono ilikuwa midogo, imelingana, imenyooka. Fundo halikuonekana kabisa. Lilikuwa limefichwa kwa ndani.

"Hii umeshona wewe?"

Mwenye nyumba aliivaa miwani. Akapitisha kidole juu ya mishono. "Laiti ningeweza," akasema.

Pale uani aliyeweza hivyo alikuwa mmoja tu.

Mama Cherehani wa chumba namba nne alikuwa anapinda shati la shule. Inspekta aliweka jalada mezani, akalifunua kwenye mishono ile. Mama aliutazama mshono wake. Cherehani ikanyamaza.

"Mama, ungeacha tu uzi ukining'inia, nisingekujua."

"Nilijaribu kuuacha, mwanangu. Mikono ikakataa."

"Ulijuaje kuwa fomu ni yake?"

"Kwa picha. Kusoma sijui."

"Kwa nini?"

"Sote tunajua Saba alifungwa, na mzee alisema mwenye doa atahama. Nikadhani bila karatasi, hakuna doa."

Mwenye nyumba na Saba walikuwa wameshafika mlangoni. Inspekta akamweleza mama, polepole, kwamba karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa inamlinda Saba. Mama alishika kifua.

"Maskini mimi! Nimemtoa nyumbani kwa mikono yangu? Tena?"

"Tena?" Inspekta aliuliza.

Mama aliinamisha kichwa. "Mwanangu wa kiume alifungwa. Alipotoka akaja hapa, kwenye mlango huu huu. Nikaogopa kufukuzwa. Nikamwambia, nenda mwanangu, watatuona. Akasema, sawa mama. Akaenda. Ni mwaka wa tisa."

Alichukua mto wa kitanda, akafumua upande mmoja, akatoa fomu iliyokunjwa vizuri. "Kuichoma nilishindwa. Karatasi ya mtu ina uso wake."

Sahihi ya mwenye nyumba ilikuwa pale chini, kubwa, haina ubishi. Akaitazama mwenyewe, kisha akakumbuka haraka.

"Ni yangu," alisema. "Notisi naifuta."

"Na wizi?" Inspekta aliuliza. "Ukishtaki, naandika. Mama ataingia kwenye rekodi."

"Mshono mzuri hivi niushtaki? Ningejua, ningempa ashone jalada zima." Sauti yake ililegea. "Na yule kijana, mama... mbona hukuniuliza?"

"Ungesema nini, mzee?"

Mwenye nyumba alifikiri kwa uaminifu. "Wakati ule, ningekataa," alisema. "Leo niulize."

Saba alipiga goti kando ya cherehani. "Mama, pale Ofisi ya Makazi wanaandikisha wanaotoka kila mwezi. Wanaume wanalala popote, lakini majina yao huwa pale. Nitajie jina lake, nikaulize kesho."

Mama Cherehani alifumbua mdomo. Mara ya kwanza jina halikutoka. Mara ya pili likaishia nusu. Mara ya tatu akalitamka lote, la mwanawe na la baba yake, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aje ndani.