Mchumba wa Tarehe Tisa

"Huyu mchumba wa tarehe tisa ni nani?"

Kamusi aliganda mbele ya kioo. Nyuma yake mchumba wake, fundi cherehani, alikuwa ameshika kadi. Alikuwa anajaribu koti ambalo fundi alimshonea kwa mikono yake mwenyewe, alivae Jumamosi akienda kujitambulisha kwa baba mkwe. Jina la Kamusi alipewa na fundi huyohuyo, maana kazi ya huyu bwana ilikuwa kukusanya maneno ya lugha zilizo ndugu na kuyaandika kwenye kadi.

"Kadi gani tena, mpenzi?"

"Ya mtima. Nilikuwa natafuta yangu niione, basi. Nimeiona. Tarehe nane: mtima, moyo. Mtoa neno: mchumba. Ulinishika kifuani ukaniuliza kwetu panaitwaje. Sasa hii ya tarehe tisa: mtima, ini. Mtoa neno: mchumba. Kwetu ini haliitwi hivyo!"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama. Neno moja, ukivuka mto lina maana nyingine."

"Sijauliza maana. Nimeuliza mtu."

Fundi akachomoa kadi nyingine.

"Na huyu wa tarehe ishirini, anayesema ni roho? Naye mchumba?"

Ofisini kwao kadi isiyo na tarehe wala mtoa neno hutupwa, na kwenye kadi Kamusi hakuwahi kudanganya hata siku moja. Uongo wote alimwekea fundi.

"Wale nilikuwa nao kikazi tu..."

"Na mimi je?"

Simu ya Kamusi ikalia mezani. Ujumbe ukatokea kwenye kioo cha simu: "Mume wangu, mama amefurahi. Wiki ijayo usichelewe kuja kujitambulisha."

Fundi aliusoma. Akachukua kalamu na kadi yake ya tarehe nane, akakata neno "mchumba", akaandika "fundi cherehani".

"Hapo sasa pana ukweli. Vua koti."

"Tuzungumze basi, nakuomba."

"Vua!"

Akatoka nalo. Kwenye ngazi akampigia baba yake.

"Baba, Jumamosi msijisumbue. Mgeni haji."

"Kulikoni mwanangu? Anaumwa?"

"Mzima wa afya, baba. Mgonjwa ni mimi."

Akakata simu, akakaa palepale ngazini akalia, koti kalikumbatia.