Kiwanja Kilichoanikwa Dagaa

Kila asubuhi Eufrasia alibeba ndoo za dagaa kutoka mwaloni, pale ziwani wavuvi wanaposhusha samaki, hadi kiwanja cha watoto, mtaani kwake Iringo. Alitandaza nyavu kuukuu, akawamwaga dagaa juu yake wakauke. Majirani zake walifanya vivyo hivyo. Mumewe, Pastory, alikuwa amepunguzwa kazini kiwandani, kwa hiyo dagaa ndio waliolisha nyumba.

Mchana watoto walitoka shule na mpira wao wa matambara. Eufrasia aliwangoja na fimbo ndefu.

"Tokeni! Mnatia mchanga kwenye chakula!"

"Mama, si tunachezaga hapa siku zote?" alisema Magige, mwanawe wa miaka tisa. Hakuna mtoto wa mtaa ule aliyempita kwa mbio.

"Mchezo unajaza tumbo? Tokeni!"

Walikimbia huku wakicheka. "Polisi Dagaa! Polisi Dagaa!"

Walikwenda kwenye majabali ya ufukweni. Pale mpira haupigiki, kwa hiyo waliruka kutoka jiwe hadi jiwe. Eufrasia alijua. Aliridhika kwamba hawako kiwanjani.

Mvua zilipoanza, majabali yaliota utelezi. Magige aliteleza, mguu wake ukanasa kati ya mawe mawili. Wavuvi walimtoa akipiga mayowe. Hospitalini daktari aliwaambia wazazi ukweli bila kuupamba: goti limesagika. Mtoto atatembea kwa kuchechemea, lakini hatakimbia tena.

Magige alipokuwa bado kitandani, mawe ya mipaka yalipandwa kiwanjani. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amepewa na halmashauri eneo lote ili ajenge ghala la samaki. Siku hizo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na kila kipande cha ardhi mjini kilitafutwa.

Pastory alimwendea Bi Hyasinta, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Eufrasia alimfuata nyuma.

"Bi Hyasinta, wametunyang'anya kiwanja," Pastory alisema. "Watoto wetu watachezea wapi?"

"Wamekuwa wakichezea wapi mpaka sasa, Baba Magige?"

Pastory alimtazama mkewe.

"Sikuulizi ili nikuumize," alisema Bi Hyasinta. "Nakuuliza kwa sababu halmashauri nao watawauliza. Ramani ya mji imetenga kiwanja kile kwa michezo. Serikali yetu imekubaliana na mataifa mengine kwamba mtoto ana haki ya kucheza, kama alivyo na haki ya kusoma na kutibiwa. Mtoto hukua akicheza. Hupata nguvu, akili, na namna ya kuishi na wenzake. Kwa hiyo eneo la michezo si ardhi isiyo na mwenyewe. Lakini ramani haijilindi. Wananchi wasipoilinda, inabaki karatasi."

"Tufanye nini sasa?"

"Iteni mkutano wa mtaa. Andikeni pingamizi, wazazi wote watie saini, mlipeleke halmashauri kabla ukuta haujasimama. Ombeni pia sheria ndogo ya kulinda viwanja vya watoto. Na dagaa waondoke leo, si kesho."

Walifanya hivyo. Siku ya kusikilizwa, ofisa wa ardhi aliwauliza swali moja tu.

"Tulikagua mara nyingi. Hatukukuta mtoto, tulikuta dagaa. Nani aliwaondoa watoto pale?"

Eufrasia alisimama.

"Ni mimi, mheshimiwa. Mimi na wenzangu. Niliwafukuza kwa fimbo. Mwanangu akaenda kuchezea majabali, na sasa hana mguu wa kukimbilia. Kosa ni letu sisi wazazi. Watoto hawakukosa. Msiwaadhibu wao kwa kosa letu."

Halmashauri ilichukua muda mrefu kuamua. Wakati huo ukuta wa ghala ulizidi kupanda. Mwishowe uamuzi ukatoka: nusu ya kiwanja imekwenda kwa mfanyabiashara. Nusu ya pili itabaki ya watoto, na sheria ndogo itakataza kujenga au kuanika chochote pale. Pastory alisema wameshinda. Eufrasia aliutazama ukuta wa ghala.

Wanawake walikuwa wamekwisha kujenga chanja za miti za kuanikia kule mwaloni. Huko dagaa walikauka vizuri, tena bila mchanga. Jambo hilo lingeweza kufanyika tangu mwanzo.

Jioni ya kwanza baada ya uamuzi ule, watoto walirudi kiwanjani na mpira wao. Magige alisikia sauti zao akiwa ndani.

"Mama, nami niende?"

"Nenda, baba. Ni pako."

Hakuwa na mkongojo. Eufrasia alitazama huku na huku, akaichukua fimbo yake iliyosimama nyuma ya mlango. Aliikata kwa kipimo cha mtoto, akampa.

Magige alijikokota hadi ukingoni mwa kiwanja. Mtoto mmoja aligeuka, akaiona fimbo kabla ya kumwona aliyeishika. Aliitambua.

"Polisi Dagaa!" alipiga kelele.

Wote walitawanyika, wakakimbilia upande wa majabali, kama walivyozoea.

"Ni mimi!" Magige aliita, akijikokota hadi katikati. "Jamani, ni mimi!"

Eufrasia alitoka nyumbani, akapita mbio kando ya ukuta wa ghala, akawafuata watoto kuelekea ziwani. Aliwaita mmoja mmoja kwa jina, akiwasihi warudi. Kadiri alivyoita, ndivyo walivyozidi kukimbia. Nyuma yake Magige alisimama peke yake katikati ya kiwanja, na mpira wa matambara ulikuwa miguuni pake.