Dari la Bibi Auleria

Haya yalimkuta mdogo wangu Tupokigwe, na mtu aliyeyaona pamoja naye bado yupo Sinza hadi leo.

Tupokigwe alikuwa anachora ramani za nyumba kwa kompyuta. Siku moja alinionesha. Unachora umbo bapa, limelala kama karatasi. Halafu unalishika kwa mausi, unalivuta juu, linasimama kuwa ukuta. Ukitaka kurefusha, unavuta. Ukitaka kufupisha, unashusha. "Kazi yenyewe ndiyo hiyo," akaniambia huku akicheka.

Asubuhi moja akaja ofisini Valerian, mfanyabiashara wa Mbagala. Huko nyuma Tupokigwe alimchorea chumba cha uani cha mama yake, Bibi Auleria, na kikajengwa. Sasa mama miguu ilikuwa imekufa nguvu, anatumia kiti cha magurudumu, na Valerian alitaka mlango upanuliwe. Kazi ndogo.

Tupokigwe alipofungua faili la mchoro ule, chumba kilikuwa kifupi. Kuta alizozisimamisha mita tatu zilikuwa zimeshuka hadi mbili na kidogo. Akadhani kuna mtu amezigusa. Akazivuta juu, akahifadhi, akaenda kula. Aliporudi, zilikuwa zimeshuka tena.

Brightson, mwenzake wa meza ya pili, alisema hivyo ni virusi. Wakahamishia faili kwenye mashine yake, wakakaa wanaangalia, mikono mapajani. Dari likashuka mbele ya macho yao. Polepole, kama godoro linalokaliwa na mtu mzito.

Kesho yake Valerian akapiga simu. Hakuuliza habari za mlango.

"Sista, mama anasema dari linamshukia. Nimemhamishia sebuleni, anasema limekuja naye. Hospitali wanasema ni presha tu. Mchungaji ameshaomba. Mie sijui tena nifanye nini."

Tupokigwe akaenda Mbagala mchana uleule. Bibi Auleria alikuwa amerudishwa kwenye chumba chake, amelala chali, amepakwa mafuta ya nazi usoni na mikononi. Tupokigwe akapima kuta. Mita tatu kamili. Dari la jipsamu nyeupe, halina hata ufa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi akamshika mkono, akamvuta karibu, akanong'ona. "Ni wewe unayelivuta juu?"

Tupokigwe akatazama juu, darini.

"Jana lilinyanyuka kidogo. Nikapumua. Usiniache, mwanangu."

Alirudi ofisini, akakaa mbele ya kompyuta. Akavuta. Likashuka. Akavuta tena. Alipochoka mkono, Brightson akashika mausi. Siku ya kwanza lilishuka taratibu. Siku iliyofuata lilishuka haraka zaidi. Ikafika mahali akiachia tu kidole, limeshashuka. Tupokigwe alikuwa analia huku anavuta, Brightson akamwambia wafute faili. Akakataa. Nani angejua nini kingempata bibi?

Siku ya tatu, mchana, umeme ukakatika.

Kioo kikawa cheusi. Tupokigwe akapiga simu Mbagala.

"Kaka Valerian, mtoe mama nje. Mtoe sasa hivi, mkalishe uani, juani."

Akasikia ndala zinakimbia. Akasikia kitasa. Akasikia bega linapiga mbao.

"Mlango haufunguki," Valerian akasema kwa sauti ya chini. "Haujafungwa kwa ufunguo. Kuna kitu kinaukandamiza kutoka juu."

Kisha, nyuma ya mbao, sauti nyembamba sana.

"Vuta."

Tupokigwe alikuwa ameshika mausi ya mashine iliyozimika. Alikuwa anavuta. Brightson ndiye aliyeniambia hilo.

"Vuta, mwanangu."

Baada ya hapo, kimya.

Umeme uliporudi, faili likafunguka lenyewe. Chumba kilikuwa kimelala chini, bapa, kama mchoro ambao haujawahi kusimamishwa. Akalishika lile umbo, akalivuta. Halikunyanyuka.

Valerian alipovunja mlango, alimkuta mama yake kitandani. Hana jeraha, hana damu. Daktari alisema ni moyo. Wakamzika. Tupokigwe alihudhuria, akasimama nyuma. Mpaka leo hakai mbele ya kompyuta, na akilala anataka alale nje, barazani.

Baada ya matanga, Valerian alimwita fundi aje kupaka rangi kile chumba. Fundi alipanda ngazi, kisha akamwita Valerian apande naye aone.

Juu ya kitanda, kwenye jipsamu, kulikuwa na alama za mafuta ya nazi. Viganja viwili, vidole vimetanuliwa. Katikati yake paji la uso, pua, na mdomo ulio wazi.