Shaima Alipojitoa Kwenye Zabuni

Foleni ya mapokezi ilikuwa imetoka nje ya mlango wa hospitali na kuzunguka kichaka cha asumini. Swafwan, aliyemleta shangazi yake Mwanatumu kupimwa sukari, alikuwa keshachoka kusimama na keshachoka kunyamaza. Kompyuta ilikuwa imezima tena. Karani aliipiga kofi la ubavuni kama punda mkaidi, kisha akarudi kwenye kalamu na karatasi.

"Mwaona?" Swafwan akasema kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa juani. "Serikali hununua kompyuta kama mtu anayenunua viatu vya mitumba gizani. Akifika nyumbani, vyote ni vya mguu wa kushoto."

Watu wakacheka. Msichana aliyeketi kando ya karani hakucheka. Alivaa buibui jeusi lililomkaa vizuri, mtandio wa zambarau, na vidole vyake vilikuwa na hina ya harusi ya mtu, bado nyekundu.

"Na wewe, bwana, ungenunuaje?" akauliza.

"Ningeanza kwa kumuuliza huyu karani kazi yake inamshinda wapi."

"Ndilo ninalolifanya tangu asubuhi. Mimi ndiye mnunuzi wa hivyo viatu. Ukipunguza kelele nitamsikia."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na shangazi Mwanatumu akawashinda wote. Swafwan hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno hadharani. Siku ile alishindwa, na akajikuta anatabasamu mpaka mashavu yanamuuma.

Msichana yule, Shaima, alikuwa mpangaji wa ununuzi wa teknolojia kwa hospitali za umma. Wenzake walipanga wakiwa ofisini Kilifi, wakinakili masharti ya mwaka uliopita na kubadilisha tarehe. Yeye aliketi mapokezi, akaketi famasi, akawatazama wauguzi wanavyotafuta faili la mgonjwa, ndipo akaandika ni kitu gani hasa kinatakiwa kununuliwa. Swafwan naye alikuwa na kampuni changa, yeye na rafiki yake Kitsao, katika chumba kilicho juu ya duka la rangi pale Kilifi. Walitengeneza programu za kupanga wagonjwa katika kliniki ndogo za watu binafsi. Basi walikuwa na la kuzungumza, na walipolimaliza wakapata mengine.

"Umefika?" Swafwan aliuliza kwenye simu.

"Nimefika. Shangazi hajambo?"

"Shangazi akuulizia wewe kuliko anavyoiulizia sukari yake."

"Mwambie apunguze chai."

"Na mimi nipunguze nini?"

"Wewe punguza maneno, kipenzi. Yanijaa masikioni, kazi siwezi."

Alikata simu mara moja, kama aliyeshtushwa na neno lake mwenyewe. Swafwan alibaki ameishika simu sikioni, na Kitsao akamuuliza kama amepata mteja.

Walikutana Jumamosi kwenye daraja la mbao la Dabaso, lile linalopita katikati ya mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa, na kaa wadogo walikuwa wakichungulia kwenye matope. Swafwan alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama.

"Nataka wazee wangu waje kwenu," alisema.

Shaima aliinamisha uso, lakini furaha yake haikufichika. "Waje. Babangu akujua, na hakukuchukia. Lakini kwanza niambie jambo moja. Zabuni ya mfumo wa hospitali itatangazwa karibuni. Wewe utaomba?"

"Kwani kuna nani Kilifi aijuaye kazi hiyo kunishinda?"

"Usiombe safari hii, Swafwan. Nakuomba. Niachie niipange vizuri. Nimeikata kazi mafungu madogo, kila kampuni changa ya hapa ipate mlango wa kuingilia. Wengine hawautaki mpango huo. Niko pale naulinda."

"Basi nitaingia kwa mlango huo."

"Ukiingia wewe, mimi lazima nitoke. Mtu aliyenichumbia hawezi kuomba kazi niliyoipanga. Nitamwambia mkuu wangu ukweli, nitajitoa, na siku tangazo likitoka sitasema nawe mpaka mshindi ajulikane. Si simu, si salamu. Wazee nao watangoja."

Kama Swafwan angekuwa mtu wa kusikiliza, angesikia kwamba anaombwa kitu kikubwa na mtu asiyependa kuomba. Lakini Swafwan alisikia kwamba anaambiwa akae kando, yeye, aliyejifundisha kazi kwa kompyuta ya kuazima, huku watu wa Nairobi wakija kula nyumbani kwake.

"Nitaomba, na nitashinda kwa haki," alisema. "Nyamaza utakavyo. Mimi si mtoto."

"Nikinyamaza, ujue ni kwa ajili yetu."

"Najua, mpenzi. Najua."

Tangazo likatoka, na Shaima akanyamaza. Wiki ya kwanza Swafwan alijivunia kimya kile. Baadaye kikaanza kumkereketa. Alipoyasoma masharti damu ilimpanda: kazi ilikuwa moja, kubwa, isiyogawanywa, na mwombaji alitakiwa awe amewahi kuweka mifumo katika hospitali kubwa kadhaa. Kampuni yake haikuwa hata na moja.

"Haya ni maandishi ya mwanamke wako," Kitsao alisema.

"Si yake."

"Basi ya nani? Si ndiye mpangaji?"

Swafwan alimpigia Shaima simu. Haikupokelewa. Siku ya mkutano wa wazabuni alimwona langoni mwa ofisi za Kilifi, amevaa buibui la kijivu, anatoka na mafaili kifuani. Swafwan alikuwa amesimama na wazabuni wenzake, miongoni mwao Thuku, aliyekuja na gari na wasaidizi kutoka Nairobi. Shaima alimjibu Thuku salamu yake, akainamisha macho alipomfikia Swafwan, akapita.

"Si ulituambia huyu ni mchumba wako?" Thuku akamuuliza huku akicheka. "Afadhali mimi mgeni nimesalimiwa."

Wale wengine wakacheka. Swafwan alirudi nyumbani na kicheko kile masikioni. Hakukumbuka daraja wala ahadi. Jioni ile ile aliandika malalamiko: kwamba mpangaji wa zabuni alikuwa na uhusiano na mwombaji, alimdokezea habari za mpango, kisha akageuza masharti ili kumfungia nje. Akaambatanisha jumbe zao za simu. Kitsao alizisoma, kisha akasema, "Hizi ni za ndani, ndugu yangu."

"Tuma."

Kikao cha malalamiko kilifanyika ukumbini, feni zikizunguka polepole. Shaima alikuja na babake, mzee Stambuli, mfanyabiashara wa vitambaa anayeheshimiwa Malindi nzima, ambaye alikataa binti yake asimame peke yake mbele ya wanaume wageni. Karani wa kikao alizisoma zile jumbe kwa sauti kavu ya kusomea bei ya vyuma. "Nikifumba macho nakuona wewe." Akafungua ukurasa. "Nakuwazia hata nikisali, Mungu anisamehe." Mzee Stambuli aliutazama mkongojo wake. Hakuinua uso tena mpaka mwisho.

Kisha akasimama Mwambire, mkuu wa ununuzi, mtu mpole wa Ganze.

"Bi Shaima aliniambia habari za uchumba huu wiki mbili kabla ya tangazo," alisema. "Akajitoa siku hiyo hiyo, na hajaigusa zabuni tena. Mpango wake ulikuwa wa mafungu madogo. Alipotoka, hakukuwa na wa kuutetea, na kamati ikarudisha masharti ya zamani. Angebaki, huyu kijana angekuwa na nafasi. Alitoka kwa sababu ya kijana huyu huyu."

Swafwan alimtazama Shaima, na Shaima alikuwa akimfunga babake kifungo cha koti.

Shaima alisafishwa. Lakini zabuni ilifutwa kwa ajili ya malalamiko yale, mwaka wa bajeti ukaisha, na Shaima mwenyewe akaomba ahamishiwe Vitengeni, mbali na wanaomjua. Swafwan alipiga simu mpaka aibu ikamzuia. Shangazi Mwanatumu alikwenda Malindi kuomba radhi kwa niaba yake. Alipokewa kwa kahawa na halua, akarudi bila jibu.

Miezi ilipita. Adhuhuri moja simu ya Swafwan ikalia, na alipoliona jina akaipokea kabla ya mlio wa pili.

"Njoo kituo cha afya Vitengeni Jumatano," Shaima alisema. "Kuna jambo la kuzungumza."

"Nitakuja. Shaima, mimi…"

"Jumatano."

Alinyoa, akavaa ile kanzu, akafika mapema. Alimkuta uani, na watu wengine kumi hivi wameketi kwenye mabenchi. Aliwatambua: wote walikuwa na kampuni ndogo za kompyuta, wa Mtwapa, wa Watamu, wa Mariakani. Shaima aliwaeleza kwamba mpango unaanza upya, kwamba safari hii umekabidhiwa yeye, na kwamba anataka kusikia wanaweza nini kabla ya kuandika lolote. Alikuwa amewapigia simu wote mwenyewe.

Walipotawanyika, Swafwan alibaki.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuuza kwa sababu ya kicheko cha watu."

"Nilikusamehe zamani. Nilichoka kukukasirikia, ilikuwa kazi juu ya kazi." Alikuwa amekonda, na macho yalikuwa yale yale. "Babangu ndiye hajarudi kuketi barazani na wenzake."

"Wazee wangu waje wamwombe radhi. Waje na lile jingine pia, ukinikubalia. Nitangoja hata miaka."

Mwanamke alipita na kikapu cha maembe mabichi, akawaamkia, wakamwitikia wote wawili.

"Wasije, Swafwan."

Swafwan aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Kisha, kwa kuwa moyo hutafuta mahali pa kushika, akauliza, "Na nikiomba kazi hii, itabidi ujitoe tena?"

Shaima alimtazama kwa huruma iliyomuumiza kuliko hasira.

"Hapana," alisema. "Safari hii sina sababu ya kujitoa."

Akamuaga kwa adabu zote, kwa jina lake na la babake, kama anavyoagwa mzabuni mwingine yeyote.