Gundi Kwenye Kamba

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi walikimbilia langoni, lakini msichana mmoja alikimbilia ukumbini. Huko, kwenye boriti ya paa, ilining'inia kamba nene ambayo Mwalimu wa michezo aliitumia kuchagulia timu ya sarakasi. Sharti lilikuwa moja: panda mpaka uiguse boriti, kisha ushuke mwenyewe. Msichana huyu alikuwa ameing'ang'ania kamba hiyo tangu muhula ulipoanza, lakini alikuwa hajawahi kuvuka nusu yake. Akifika hapo mikono hulegea, akaning'inia kidogo kama gunia, kisha akateleza hadi chini. Ndiyo maana wenzake wakamwita Gunia. Alicheka nao, lakini jina hilo lilimchoma moyoni.

"Leo umepapita pale ulipoishia juzi," Mwalimu alimwambia jioni moja.

"Nimepapita kwa kiasi gani, Mwalimu?"

"Kama upana wa kiganja."

"Kiganja tu! Na mchujo ni kesho!"

"Usipofika kesho, kuna mchujo mwingine muhula ujao."

Mtoto wa umri ule ukimwambia muhula ujao, ni kama umemwambia uzeeni. Gunia aliondoka amenuna, akaenda kibandani kwa baba yake, fundi viatu, karibu na lango la shule.

Kazi ya baba aliijua vizuri. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, kwenye soli na kwenye kiatu chenyewe. Huachwa ikauke kidogo, ndipo vinapokandamizwa pamoja. Ukipaka upande mmoja tu, haishiki vizuri. Jioni hiyo alimtazama baba akiivuta soli kwa nguvu zake zote, nayo isibanduke. Wazo likamjia, na wazo baya huwa halipigi hodi.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Gunia aliingia ukumbini peke yake na kikopo cha gundi. Akapandisha dawati juu ya dawati, akaipaka kamba pale pale ambapo mikono yake hulegea. Kisha akajipaka viganjani. Alifanya kama alivyofundishwa, pande zote mbili. Shida ni kwamba kamba si kiatu.

Wanafunzi walipoingia kwa mchujo, mmoja alinusa hewa. "Nani kavaa viatu vipya leo?" Wote wakacheka. Gunia alisimama ametanua vidole, hathubutu kukunja ngumi. Rafiki yake, msichana mwembamba waliyemwita Kijiti, akamnyooshea mkono kumtakia heri.

"Usinishike!" Gunia akafoka. Kijiti akaurudisha mkono wake.

Gunia aliomba kuanza. Alipanda haraka. Mkono wake wa kulia ulipofika palipopakwa, ulinata. Kwa mara ya kwanza haukuteleza, naye akataka kupiga kelele kwa furaha. Akauvuta ili aupeleke juu zaidi. Mkono haukutoka. Akavuta tena, ngozi ikavutika, na maumivu yakampanda hadi begani.

"Panda, Gunia!" wenzake walishangilia.

"Siwezi!"

"Basi shuka!"

"Kushuka pia siwezi!"

Wengine walicheka, kisha wakaona kweli amenasa, wakasogeza godoro chini yake. Mwalimu alileta ngazi mbio, akapanda, akamwegemeza begani. "Nini kimekupata, mwanangu?"

Angeweza kusema ni mkono umekufa ganzi. Lakini aliogopa mno, na kudanganya kunahitaji utulivu. "Nimepaka gundi, Mwalimu. Ya baba."

"Kijiti, kimbia! Mwite fundi viatu, mwambie aje na dawa ya kutolea gundi!"

Baba alifika na aproni yake, kichupa cha petroli mkononi. Alikuwa mtu wa kuogopa hata kupanda kiti, lakini alipanda ngazi ile bila kutazama chini. Alilainisha gundi polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Mkono ulipotoka, kipande cha ngozi kilibaki kwenye kamba.

Jioni, kibandani, baba alimkalisha karibu naye. "Gundi hii nimeishika tangu hujazaliwa. Ingekuwa inapandisha watu, mimi ningekuwa bado nimekaa kwenye kistuli hiki?"

Gunia akacheka huku analia.

"Na mwenzako angetangulia kupanda, akanasa yeye?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Aibu ikamjaa. "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Mkono ukipona, kamba utaisafisha wewe."

Aliisafisha, kisha akaanza upya. Mikono ilikuwa imepoteza nguvu, hata pale pa zamani hakupafikia. Siku nyingine aliongeza kiganja, siku nyingine nusu kiganja, siku nyingine akarudi nyuma. Viganja viliota sugu. Jioni moja aliutupa mkoba kibandani, akasema, "Baba, naacha."

"Ruhusa," baba alijibu, uzi mdomoni. "Ila usiache leo, leo umekasirika. Acha siku umefurahi."

Gunia aliingojea siku hiyo. Kila alipofurahi, hakutaka kuacha.

Mchujo wa muhula uliofuata, baba alisimama mlangoni akiangalia sakafu. Gunia alipanda. Akaipita nusu. Mikono ilimwaka, akateleza kidogo. Akashika tena.

"Amefika?" baba aliuliza.

"Bado, mzee," Kijiti alijibu.

"Sasa je?"

"Bado. Amesimama. Anapumua... anapanda!"

Paani likasikika kofi moja la mkono juu ya boriti. Baba aliinua uso, akamwona bintiye akishuka mwenyewe, mkono chini ya mkono, hadi miguu ikagusa godoro. Gunia alimkimbilia akilia, naye akamkumbatia.

"Nimepanda, baba! Leo nimepanda!"

"Hukupanda leo, mwanangu," baba alisema. "Umepanda siku zile zote ulizorudi kibandani umenuna kwa sababu ya nusu kiganja. Nguvu haina njia ya mkato. Anayeitafuta kwa hila huumia, na anayeitafuta kidogo kidogo huipata, hata kama yeye mwenyewe haoni."