Kichupa cha Asubuhi

Likizo ile ratiba yangu ilikuwa moja. Kila asubuhi mama aliniacha wodini na chupa ya chai, kisha akapanda bodaboda kwenda mtaa wa Bukoto kuuza gurusa, ile mikate yetu myembamba ya Kinubi. Mimi Sumayiya, mwenye miaka kumi na miwili na mdomo usiojua kupumzika, nilibaki kumwangalia baba. Nilimfuta uso, nikampa chai, nikambishia habari za mpira mpaka acheke. Baba yangu, Marjan, dereva wa lori, alikuwa na ugonjwa wa ini uliomjaza maji tumboni.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kichupa. Baba alitakiwa kutoa mkojo wake wa kwanza wa siku, nami niupeleke kwa muuguzi, Sista Atim, mwishoni mwa wodi. Daktari Lakica ndiye aliyenieleza sababu, kwa Kiswahili, maana yeye ni Muacholi na sisi Wanubi.

"Ini likiugua sana, figo nazo huweza kuumia," alisema. "Kipimo cha kawaida cha damu huchelewa kutuonyesha. Lakini figo zikianza tu kuumia, huacha dalili kwenye mkojo. Tukiiona mapema, tunabadilisha dawa mapema."

"Na isipoonekana?"

"Basi tunaendelea na dawa ya kupunguza maji tumboni. Akienda vizuri, huenda sikukuu ya Idi akala nyumbani."

Katika maneno yote hayo mimi nilishika moja tu: Idi.

Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda. Siku ya tatu baba alikawia sana nyuma ya pazia. Aliponipa kichupa, mlikuwa na matone machache tu, yenye rangi ya chai iliyokolea. Alijifunika uso kwa shuka. Kwetu si adabu binti kushika haja ya baba yake, na mtu anayeswali hataki najisi imkaribie. Baba alikuwa ameivumilia aibu hiyo siku mbili, ya tatu ikamshinda.

"Mwaga, mwanangu," alisema. "Usimwonyeshe mtu. Sema nimelala."

Lakini ningesema amelala, Sista angekuja mwenyewe kumwamsha. Basi nikaenda chooni, nikamwaga, nikaosha kichupa, nikajaza mkojo wangu. Ninalisema waziwazi kwa kuwa nimeshaficha vya kutosha.

Siku ya nne nikafanya vilevile, na ya tano pia. Sista Atim aliniuliza kama baba anakojoa vizuri, nikajibu vizuri sana. Majibu yalipotoka, alikuja kitandani akitania.

"Mzee Marjan, figo zako ni kama za mtoto wa shule."

Baba alinitazama. Nadhani alielewa palepale. Akacheka kidogo, akageukia ukutani, na Daktari Lakica akaendelea na dawa ileile.

Siku ya sita baba aliniita Zulaikha. Zulaikha alikuwa dada yake, aliyefariki kabla sijazaliwa. Alinishika mkono akaniuliza kama nimeshawafunga mbuzi. Jamani, niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nilikimbia mpaka mezani kwa daktari.

"Ule mkojo si wake," nilisema. "Ni wangu. Siku tatu zote."

Hakunifokea. Natamani angenifokea. Aliinuka, akasimamisha ile dawa, akaagiza dripu na damu ipimwe upya. Figo zilikuwa zimeshaumia vibaya.

Dripu ilimrudishia baba fahamu kwa siku mbili. Alinitambua, akaniita karibu. "Kosa tulilifanya wawili, Sumayiya," alisema. "Na mimi ndiye mkubwa." Alifariki Ijumaa, siku nne kabla ya Idi.

Baada ya mazishi Daktari Lakica alikuja nyumbani kutupa pole. Nilimuuliza mbele ya mama, "Ningesema siku ile, baba angepona?"

"Sijui," alijibu. "Ini lake lilikuwa limechoka sana. Nikikwambia ndiyo, nitakuwa nimekudanganya. Nikikwambia hapana, pia nitakuwa nimekudanganya. Ninachojua ni kwamba tulipoteza siku tatu, na tulizihitaji."

Alipoondoka nililia mpaka sauti ikakauka. Mama alinivuta akanikalisha karibu naye.

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Nilitaka baba aje nyumbani siku ya Idi."

"Hata mimi nilitaka," alisema, na hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Alipotulia alinifuta uso kwa ncha ya leso yake. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Baba yako alificha kwa aibu, wewe ukaficha kwa mapenzi, na ugonjwa haukujali sababu. Mbele ya mtu anayekutibu, mwanangu, hakuna aibu. Sema lililopo, hata kama ni baya. Kesho tunakwenda kupimwa ini, mimi na wewe, maana ugonjwa wa ini huweza kuambukiza nyumba nzima. Utakachoulizwa, jibu kweli."

Kesho yake, kwenye zahanati, muuguzi alifungua faili langu. Akauliza kama kwetu yupo aliyewahi kuugua ini. Mama aliniachia nijibu mwenyewe.

"Baba," nilisema. "Alifariki Ijumaa." Kisha nikamweleza yote, na habari za kichupa sikuziacha.