Milango ya Makabati ya Odette

Ilikuwa Januari, siku ya bei za kutupa, na foleni ya duka moja la mjini Winnipeg, Kanada, ilifika hadi mlangoni. Odette Gauthier, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, alikuwa amebeba masanduku ya plastiki kumi na moja yenye vifuniko. Nyuma yake alisimama Bohdan, koti lina kifungo kimoja tu, amekumbatia kulabu za kutundikia nguo.

"Kaka, unafungua bucha?" Odette akamchokoza.

"Na wewe, dada, masanduku yote hayo unazika nani?"

Wakacheka. Kufikia Machi Bohdan alikuwa amehamia kwake.

Kupanga nyumba za watu ndiyo ilikuwa kazi ya Odette. Mwenyewe akiona kitu kimezagaa hapati usingizi. Bohdan alikuwa kinyume chake: kitu kikimtoka machoni, kimemtoka kichwani. Funguo, dawa, hata soksi, alivitundika ukutani. Mlangoni ilining'inia kofia ya marehemu baba yake, na kila asubuhi akitoka aliigusa.

Siku moja Odette akaamua kumrahisishia maisha. Akampangia vitu kama alivyojipangia mwenyewe, na fundi mzima hakuona kosa lake. Kofia ikaingia sandukuni, na kibandiko juu: KOFIA YA BABA.

Bohdan hakuwa mtu wa kusoma vibandiko. Aliona kulabu tupu, akauliza kama imetupwa. Odette, aliyetarajia shukrani, akamjibu kwa ukali kwamba kila kitu kina mahali pake, atafute. Bohdan alifungua masanduku matatu, akakata tamaa. Wiki hiyo alihamia mji wa mbali, Thunder Bay. Odette hakupiga simu. Atarudi mwenyewe, alijiambia. Kiburi si maungwana.

Ikapita miaka miwili. Ndipo bibi mmoja ambaye Odette alimpangia jiko alipolia mbele ya makabati yaliyofungwa, akisema, "Mwanangu, vitu vyangu umeviua." Odette alirudi nyumbani, akachukua bisibisi, akang'oa milango yote ya makabati. Alitundika kila kilichotundikika, kofia ikarudi mlangoni. Kisha akapiga simu.

"Bohdan, kofia ipo. Haikutupwa. Njoo uione nyumba."

Bohdan akajibu: "Nitakuja Jumamosi."

Alikuja amevaa koti lile lile, lakini sasa lina vifungo vyote. Odette aliviona vifungo kabla ya kuuona uso. Bohdan aligusa kofia, akagusa kikombe chake cha zamani cha bluu kwenye kabati lililo wazi, machozi yakamlengalenga.

"Umenifanyia mimi haya yote?"

"Nimekuelewa, mpenzi. Nimechelewa, lakini nimekuelewa."

"Unanijua nilivyo, Odette. Picha yako niliibandika kwenye friji, nikingoja simu hata moja. Siku moja ikadondoka, na sikujua imedondoka lini." Akafuta uso. "Natalka, aliyenishonea vifungo hivi, ninamwona kila siku. Tunafunga ndoa Juni."

Asiyekuwepo na lake halipo, na Odette alikuwa hayupo miaka miwili.

Bohdan akambusu kwenye paji la uso, akachukua kofia, akaenda zake. Odette alilia siku nzima. Baadaye aliirudisha milango, maana naye ana maumbile yake, isipokuwa mmoja, wa kabati lenye kikombe cha bluu. Wageni wakimuuliza, huwaambia bawaba imevunjika.